Si Kila Kinachoenea Kinamfuata Fick

Shuleni tulifundishwa usambaaji, ambao vitabu vingine huuita difyusheni, kwa mfano wa chupa ya manukato iliyofunguliwa kwenye kona ya darasa: haupiti muda, mwanafunzi wa dawati la mwisho ameshainusa harufu. Mfano huo uliniridhisha kwa miaka mingi, hadi siku nilipokaa na kupiga hesabu. Molekuli zikiachiwa zitangetange zenyewe katika hewa iliyotulia kabisa, zitahitaji siku kadhaa kuvuka chumba cha mita 4. Manukato, au udi unaofukizwa sebuleni, hutufikia upesi kwa sababu hewa yenyewe inatembea na kuibeba harufu. Mfano tunaoutumia kuufundisha usambaaji ni, kwa sehemu kubwa, mfano wa upepo mdogo wa chumbani.

Kosa hilo ndilo linalonifanya niuthamini mfululizo wa mikutano ya kisayansi uitwao Diffusion Fundamentals, ulioanzia Leipzig, Ujerumani, mwaka 2005, pamoja na jarida la jina hilohilo linalosomwa mtandaoni bila malipo. Mwaka huo ulikuwa na uzito wake. Ilikuwa imetimia miaka 150 tangu Adolf Fick, mtaalamu wa fiziolojia aliyekuwa akifanya kazi Zürich, aichukue kanuni ya mwanahisabati Fourier kuhusu mtiririko wa joto na kuonyesha kuwa chumvi ndani ya maji hufuata mwendo uleule, yaani hutoka penye wingi kwenda penye uchache, kwa kasi inayolingana na ukali wa tofauti kati ya sehemu hizo mbili. Ilikuwa pia imetimia miaka 100 tangu Einstein aeleze kuwa mwendo huo unatokana na chembe zinazosukumwa huku na huko bila mpango, na ndiyo maana umbali ukiongezeka mara mbili, muda huongezeka mara nne. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini bakteria anaweza kutegemea usambaaji kupata chakula chake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ilhali sisi tunahitaji moyo na mishipa ya damu.

Baada ya Leipzig mikutano ilikwenda L'Aquila mwaka 2007, Athens mwaka 2009, na Troy katika jimbo la New York mwaka 2011. Miji hainishughulishi sana. Kinachonivutia ni kuketi pamoja kwa watu wanaotumia neno moja huku kila mmoja akipima kwa chombo chake, kwani historia ya fani hii inaonyesha hasara ya kutokuketi pamoja.

Chukua zeolaiti, fuwele zenye vitundu vidogo kiasi cha molekuli, zinazotumika katika usafishaji wa mafuta. Kwa muda mrefu wataalamu walipima usambaaji ndani yake kwa kuzipa gesi na kuangalia zinaongezeka uzito kwa kasi gani. Katika miaka ya 1970, Jörg Kärger, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mikutano hii, na wenzake wa Leipzig walizifuatilia molekuli zenyewe kwa kutumia uga wa sumaku, wakakuta mwendo ambao katika baadhi ya mifano ulikuwa wa kasi mara maelfu kuliko ulivyodhaniwa. Mizani haikuwa imedanganya. Ilikuwa imepima mambo mengine pia, kama vile joto linalotolewa gesi inapoingia na kizuizi kwenye uso wa fuwele, kisha yote yakapewa jina la usambaaji. Ni kosa lilelile la chupa ya manukato, ila safari hii limefanywa na mabingwa wenye maabara.

Kwa sababu hiyo nina shaka na upanuzi wa mfululizo huu katika miaka ya baadaye, ulipofungua mlango kwa kuenea kwa mimea, magonjwa, mawazo na hata lugha. Siupingi mlango kufunguliwa; Fick mwenyewe alikuwa mgeni katika fizikia. Ila mgeni huyo alikuja na vyombo vya maji na chumvi, akapima. Kiswahili chetu hakikutoka pwani na kutanda bara kama wino katika maji. Katika karne ya 19 kilifuata njia za misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, kikavuka ziwa kuingia Kongo, kikiwa midomoni mwa wafanyabiashara na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kuviruka vijiji vilivyokuwa karibu zaidi na pwani lakini mbali na njia. Baadaye wamisionari na serikali za kikoloni wakakiingiza shuleni na ofisini kwa amri. Kote huko kulikuwa na upepo, tena mkali.

Mwanahisabati atanijibu kuwa milinganyo ya leo inaweza kubeba njia, vikwazo na mikondo, na ana haki. Basi na atuonyeshe njia hizo kwenye ramani, akae na mwanahistoria kabla ya kuchora mkunjo wake, na aseme mapema ni tarakimu gani ikipatikana itamlazimu akubali kuwa kilichoenea hapo hakikuenea kwa usambaaji. Watu wa zeolaiti walidaiana hivyo kwa miaka mingi, na sioni kwa nini watu wa lugha wasamehewe.