Anayehesabu foleni naye ana kazi?

"Mmekuja kuhesabu tena?" Ndivyo muuguzi mmoja alivyonipokea asubuhi moja kwenye kliniki ya wajawazito, nikiwa na saa mkononi na rundo la dodoso kwapani. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na akina mama 40 na kitu kwenye mabenchi, mwenzake yuko likizo, na mimi nilikuwa nimekalia kiti ambacho mgonjwa angekikalia. Swali lake huulizwa pia kwenye vikao vya bajeti, kwa adabu zaidi: idara za utafiti wa huduma za afya katika vyuo vikuu vya afya ya jamii zina faida gani? Watu wake hawatibu, hawagundui dawa wala chanjo. Wanahesabu foleni, wanapekua mafaili, wanawauliza wagonjwa wameridhika kiasi gani, kisha wanaandika makala.

Nimekula riziki ya kazi hiyo kwa miaka, basi msomaji ajue mapema naegemea wapi. Ila wanaolalamika hawasemi uongo. Utafiti mwingi wa fani hii huishia kueleza kile ambacho mfagizi wa hospitali angekueleza bure: foleni ni ndefu, dawa huisha kabla ya mwezi, wahudumu wamechoka. Makala hufungwa kwa sentensi ile ile kwamba utafiti zaidi unahitajika, na anayeuhitaji, kwa bahati njema, ni yule yule aliyeiandika. Dodoso lenye maswali 60 humla muuguzi saa nzima, na saa hiyo haikatwi kwa mtafiti, inakatwa kwa mgonjwa. Halafu liko suala la nani anachagua cha kutafitiwa. Ruzuku zikielekea kwenye ugonjwa fulani, idara nzima hugundua ghafla kwamba huko ndiko kwenye maswali mazito.

Hayo nayakubali. Ninalolikataa ni hitimisho lake, kwamba fedha hizo zingenunua glavu na kuajiri wauguzi tungekuwa mbali. Ndani ya hoja hiyo kuna jambo linalochukuliwa kuwa limeshajulikana: kwamba kinachoua watu ni uchache wa vitu na umbali wa vituo. Kwa miongo kadhaa sera za afya zilikwenda hivyo. Jenga zahanati, peleka dawa, hamasisha watu wafike. Wakishafika, kazi imekwisha.

Mwaka 2018 tume ya jarida la The Lancet Global Health kuhusu ubora wa huduma, ikiongozwa na Margaret Kruk wa shule ya afya ya jamii ya Harvard, ilitoa hesabu iliyoivuruga imani hiyo. Katika nchi 137 za kipato cha chini na cha kati, watu wapatao milioni 8.6 hufa kila mwaka kwa magonjwa ambayo huduma nzuri ingeyazuia yasiue. Kati yao milioni 3.6 hawakutumia huduma. Milioni 5 waliitumia, ikawa mbovu.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishika na haijaniachia. Milioni 5 si watu waliokosa nauli, wala waliozuiwa nyumbani, wala waliochelewa kwa sababu ya mto uliofurika. Ni watu waliofika. Walipanga foleni, wakaandikishwa, wakaitwa majina, wakaguswa na mtu mwenye koti jeupe, kisha wakafa kwa kitu kinachotibika. Wamewazidi wasiofika kwa milioni 1.4. Atakayesema haya ni makadirio atakuwa amesema kweli: watafiti walilinganisha vifo katika nchi hizo na vifo katika nchi zenye mifumo imara, wakaipima tofauti. Unaweza kubishana na ulinganisho huo. Mimi nimebishana nao na wenzangu hadi chai ikapoa. Lakini ikate namba hiyo nusu, bado unabaki na watu milioni 2.5 kwa mwaka ambao kampeni ya "nendeni hospitali" ilifanikiwa kwao, na ndio hao waliokufa.

Tena hakuna tabibu ambaye angeiona namba hii akiwa wodini. Yeye huona kitanda kimoja kilichobaki wazi asubuhi, anasikitika, anahamia kitanda kinachofuata. Ili kuiona, lazima awepo mtu wa kukaa pembeni na kuvihesabu vitanda maelfu kwa maelfu, yule yule anayeonekana hana kazi.

Avedis Donabedian, daktari aliyezaliwa Beirut na kufundisha katika shule ya afya ya jamii ya Chuo Kikuu cha Michigan, alishaweka msingi wa jambo hili mwaka 1966 alipoyatenga mambo 3: kilichopo, kinachofanyika na kinachotokea. Anayedai glavu anazungumzia la kwanza tu. La pili ndilo gumu kuliona, na ndilo lililotupotezea hao milioni 5.

Chukua patografu. Ni karatasi ya miraba ambayo mkunga huijaza kadiri uchungu unavyokwenda: njia imefunguka sentimita ngapi, moyo wa mtoto unapiga mara ngapi, mikazo ina nguvu gani. Ina mstari wa tahadhari na, saa 4 mbele yake, mstari wa kuchukua hatua. Mkaguzi wa vifaa akipita ataandika: patografu zipo, zimejazwa, alama kamili. Nimewahi kukaa na mafaili ya namna hiyo, na kuna moja lisilonitoka. Nukta zilipanda sawasawa, sentimita 1 kila saa, zikiusindikiza mstari wa tahadhari bila kuuvuka. Mapigo ya moyo wa mtoto: 140, 140, 140, 138, 140. Wino ni ule ule, mwandiko haukuyumba tangu saa 2 usiku hadi alfajiri, kana kwamba aliyeandika hakuinuka hata kunywa maji. Ilikuwa imejazwa yote kwa mkupuo mmoja baada ya uzazi. Ukurasa wa pili, kwa kalamu nyingine, kulikuwa na maneno machache: mtoto amezaliwa amechoka, hakulia.

Ni rahisi kuandika kwamba mkunga alidanganya, ukaitishwa mkutano, ikaandaliwa semina ya kujaza patografu, na posho zikalipwa. Lakini ukifungua rejista ya zamu ya usiku ule unakuta mkunga mmoja na akina mama wanne wenye uchungu. Kusikiliza moyo wa kila mtoto kila nusu saa kwa wote wanne, huku mmoja anasukuma na mwingine anatoka damu, ni kazi isiyoingia kwenye mikono miwili. Karatasi ilishaacha kuwa ya mama, ikawa ya mkaguzi. Semina ingetibu ugonjwa ambao haukuwepo. Kuutambua ulipo kulihitaji faili, rejista ya zamu na orodha ya mahudhurio viwekwe meza moja, kazi ya wiki nyingi isiyompendeza mtu yeyote kuitazama.

Wala fani hii haikuzaliwa kusaka upungufu peke yake. Mwaka 1938 daktari J. Alison Glover alionyesha kwamba watoto wa shule Uingereza walikuwa wakikatwa tonsili kwa viwango vilivyotofautiana mno kati ya wilaya na wilaya, pasipo tofauti ya ugonjwa ya kuvieleza. Eneo moja, Hornsey, lilikuwa na operesheni 186 mwaka 1928. Akaja ofisa mpya wa afya ya wanafunzi, mwaka 1929 zikawa 12. Mwaka 1973 watafiti John Wennberg na Alan Gittelsohn wakakuta mambo hayo hayo Vermont, Marekani: eneo moja watu 13 kwa kila 10,000 walitolewa tonsili, eneo jingine 151. Makoo ya watoto hayabadiliki ukivuka kilima. Kilichobadilika ni mazoea ya madaktari. Kila daktari kati ya wale alikuwa na hakika kwamba anafanya sawa, na kila mmoja alikuwa na wagonjwa waliopona wa kumtolea ushahidi.

Wapinzani wana mfano wao waupendao, nami nauheshimu. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, ile inayosomwa kwa sauti kabla ya kisu kushika ngozi, ilipunguza vifo vya upasuaji kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 katika hospitali 8 za nchi 8, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Dunia ikaipokea kwa shangwe. Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, wakaangalia hospitali 101 zilizoanza kuitumia, wasione upungufu wa maana wa vifo. Kisha mwaka 2017 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la orodha ya uzazi salama huko Uttar Pradesh, India, lenye vituo 120 na uzazi zaidi ya 157,000. Wakunga walibadilika kweli: walifanya mengi zaidi ya yale yaliyotakiwa. Vifo na madhara makubwa kwa mama na mtoto yakawa asilimia 15.1 kwenye vituo vya orodha na 15.3 kwenye vingine, yaani hakuna kitu.

"Mnaona?" huuliza wapinzani. "Miaka na fedha zote hizo, mmegundua kwamba haifanyi kazi." Mimi hapo ndipo ninapoiona faida. Bila jaribio lile, orodha ingesambazwa kote kwa amri, na kila mkunga angeongezewa karatasi nyingine ya kujaza alfajiri kwa mkupuo mmoja. Aliyekuzuia kununua kitu kisichofaa hakuletei risiti ya kumwonyesha mhasibu. Hii ndiyo bahati mbaya ya fani yenyewe: dawa ikifanya kazi, mgonjwa huinuka, utafiti wa huduma ukifanya kazi, mara nyingi kinachotokea ni kwamba jambo fulani halikufanyika.

Kuna hoja moja ambayo bado haijaniacha sawa, nayo ni ya mahali. Kwa nini kazi hii ikae chuo kikuu na si wizarani, karibu na anayeamua? Waziri anataka jibu wiki ijayo. Chuo kitamwambia kwanza kuna kibali cha kamati ya maadili, halafu kukusanya takwimu, kuzisafisha (hapa ndipo miezi hufia), kuandika, kusubiri wahakiki wa jarida. Makala ikitoka, waziri ni mwingine. Jibu la kawaida la wanachuo ni uhuru: mtumishi wa wizara hawezi kuchapisha kwa raha kwamba mpango wa bosi wake umeshindwa. Ni jibu la kweli, ila uhuru wenyewe hauna miguu imara. Watafiti vijana wengi wanaishi kwa mikataba inayofuata mradi. Mradi ukiisha, mshahara umeisha. Kupanda cheo kunapimwa kwa idadi ya makala na majina ya majarida, si kwa foleni iliyofupishwa. Mtu wa hali hiyo haogopi waziri, lakini anamwogopa mfadhili, na sijui kama tumebadilisha chochote zaidi ya jina la anayeogopwa. Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua ningeiacha chuoni. Ningegusa mkataba, na ningegusa vigezo vya kupanda cheo, hasa kimoja: mtafiti aulizwe kama matokeo yake yaliwahi kurudi kwa watu waliompa takwimu.

Hilo nimejifunza kwa aibu. Kwenye ile kliniki ya wajawazito tuliahidi kurudisha majibu, kama tunavyoahidi kila mahali, na makala ilikuwa imeshachapishwa ndipo nilipokumbuka. Nikachapa kurasa mbili za muhtasari, nikaenda. Muuguzi yule alikuwepo bado. Alishangaa kuniona bila dodoso. Alizisoma kurasa akiwa amesimama, akafika kwenye mstari uliosema wastani wa kusubiri ni dakika 94, akaniomba kalamu.

"Hizi dakika mmeanzia wapi kuhesabu?"

Nikamwambia, saa iliyoandikwa kwenye rejista.

"Hiyo ni saa ya kuandikishwa, mwanangu. Rejista tunaifungua saa 2 na nusu, baada ya usafi na elimu ya afya. Hawa akina mama wanaanza kufika saa 11 alfajiri kuwahi namba." Akaichora mstari ile 94, akafikiri kidogo, akaandika pembeni kwa mwandiko wa kadi za kliniki: ongeza saa 2 hadi 3.