Mwisho wa kiangazi Phoenix: msumeno ungoje, maji yaende chini

Wiki hizi za mwisho wa Agosti, mitaa ya Phoenix, Arizona, inaamshwa na misumeno ya mota. Joto limewachosha watu, michungwa imekunja majani, vichaka vimekauka ncha, na kila mwenye ua anahisi lazima afanye jambo. Basi anaita wakata matawi. Mimi naomba wasiitwe sasa. Hela hiyo ingenunua maji, na maji yakamwagwa inavyopasa.

Anzia na mchungwa. Gome lake ni laini, limezoea kukaa kivulini mwa majani yake. Ukilifungua kwa jua la Agosti linaungua upande wa magharibi, linapasuka, na kidonda hicho huingiza wadudu na ukungu. Ndiyo maana watu wa machungwa huku hupaka mashina rangi nyeupe ya maji. Mchungwa ulioachwa matawi yake yashuke karibu na ardhi hauhitaji hata hiyo rangi. Kuupogoa kwa kweli kungoje baridi kali ipite, kuelekea Machi. Sasa hivi ondoa tawi lililovunjika au lililokufa, halafu uache.

Kwa mesquite, mti wa asili wa jangwa la huku, hasara huonekana kwa macho. Msimu wa monsuni, yaani wa mvua na dhoruba za kiangazi, huhesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30, na dhoruba zake huja na ukuta wa vumbi, upepo wa ghafla, pengine bila hata tone. Asubuhi yake mesquite zimelala barabarani, mizizi juu. Lawama zote hupewa upepo. Mimi nalaumu namna tulivyoilea miti hiyo. Huu ni mti ambao, karibu na mji wa Tucson, Arizona hii hii, mzizi wake ulikutwa katika shimo la mgodi zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Mjini tunaufungia bomba la matone kando ya shina, dakika chache kila siku, na mizizi inabaki pale pale juu penye unyevu. Kwa maji hayo ya kila mara majani yananenepa haraka kuliko nanga yake. Kisha anakuja mwenye msumeno anayesafisha matawi yote ya ndani na kuacha vishungi kwenye ncha, uzito wote ukahamia mwisho wa tawi. Hapo upepo wa kawaida tu unatosha.

Kwa hiyo neno langu kubwa ni kina. Maji ya mti yafike sentimita 90 chini, ya kichaka 60, ya mboga na maua 30. Kupima ni rahisi: siku ya pili baada ya kumwagilia, chukua fimbo nyembamba ya chuma uisukume ardhini. Penye unyevu inateleza, penye ukavu inagoma. Ikigoma sentimita 20 chini ya mti mkubwa, mti huo umelambishwa tu. Kuna mitaa fimbo itagonga tabaka gumu jeupe la chokaa, ambalo huku huitwa kaliche. Hilo ni tatizo jingine, maji yanatuama juu yake na mizizi inaoza, na dawa yake ni kulitoboa kabla ya kupanda.

Sogeza matone mbali na shina, mpaka pale kivuli cha mti kinapoishia saa sita mchana na kupita kidogo, kwa kuwa mizizi inayonywa iko huko. Fungua polepole kwa saa kadhaa, kisha funga uiache ardhi ipumue. Kwa kiangazi, mchungwa uliokomaa unatosheka kila baada ya siku 7 hadi 10, na mti wa asili ya jangwa kati ya siku 7 na 21. Maji ya huku, ya mto Colorado na Salt River, yana chumvi. Ukinyunyiza kidogo kidogo chumvi inabaki juu kwenye mizizi na majani yanaungua kingo, halafu mtu anadhani mti una kiu na anaongeza dakika mbili zilezile za kila siku. Maji mengi kwa mara moja ndiyo yanayoisukuma chumvi chini.

Saguaro, lile dungusi (kaktasi) refu la jangwa lenye matawi kama mikono, ina mambo yake. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na saguaro zikaanza kudondosha mikono na kuanguka, hata zile zinazotunzwa katika Desert Botanical Garden, bustani ya mimea ya jangwa hapa Phoenix. Mmea huu hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, na usiku wa mjini, wenye saruji na lami, hauupi ubaridi wa kupumzikia. Usiulevye kwa maji ya kila siku. Unahitaji kunywa kwa nadra, na mchanga ukauke kabisa katikati.

Mwaka huohuo kaunti ya Maricopa iliandikisha vifo 645 vilivyohusishwa na joto. Nikiukumbuka mwaka ule siwezi kumtazama kimya mtu anayeshusha nusu ya kivuli cha mtaa mwezi wa nane, ati ua upendeze. Bibi anayengoja basi chini ya mti ule anahitaji kila jani lake.

Mboga hazinitii wasiwasi. Nyanya zimeacha kushika matunda kwa joto la usiku, mziache. Lakini bamia, kunde, matembele na mchicha zinastawi kweli, na akina mama waliotoka Kivu, wanaolima lengalenga yao, yaani mchicha, huku, hawakuhitaji kufundishwa hilo. Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa hili, tangu zamani hupanda maharage yao ya tepari kwa kufuata maji ya mafuriko ya mvua hizi hizi.

Mbolea ya tatu ya mwaka kwa michungwa huwekwa mwisho wa Agosti au Septemba, ardhi ikiwa imeloweshwa kwanza. Maji yasikatike na kurudi kwa kishindo, maana machungwa ya kitovu hupasuka yakiwa bado mtini. Na anayetaka kupanda mti mpya angoje Oktoba: hewa imepoa, udongo bado una joto la kuotesha mizizi. Shimo liwe pana mara tatu hadi tano ya donge la mizizi, lisizidi kina chake. Ukiufunga kwenye nguzo, kamba ziwe chini na zilegee shina lichezecheze, na mwaka ukipita nguzo zing'olewe.