Dreni baada ya kupasuliwa busha: iwekwe au isiwekwe?

Ikija kambi ya kupasua mabusha huku Lindi na Mtwara ubishi ni uleule. Mzee katoka na dreni, yaani kimpira cha kutoa majimaji, kinaning'inia kwenye kidonda, watu wanasema daktari hajamaliza kazi. Mwingine katoka bila kitu, siku ya pili kajaa, pamekaza na panamuuma, wanasema si wangemwekea tu mpira! Wote wana hoja ila mi naona wanaanzia mbali, kwasababu kabla ya dreni kuna damu yenyewe.

Ngozi ya pumbu imelegea, haibani kitu, kwahiyo hata kimshipa kidogo kikiachwa kinavuja taratibu usiku kucha mpaka damu inavilia humo ndani. Na busha la muda mrefu, hasa haya ya matende, ganda lake (ule mfuko unaoshika maji) linakuwa nene lina mishipa ya kutosha, likikatwa ukingo wote unatoa damu, hapo inabidi daktari aushone mzunguko mzima kwa uzi unaoyeyuka na vimishipa vingine avichome na mashine. Umeme ukikatika (watu wa kusini tunaujua huo mchezo) anarudi kufunga kimoja kimoja kwa uzi. Halafu kuna hili wengi hawalijui, ganzi ya mgongoni inashusha presha, kwahiyo mezani panaweza kuonekana pakavu kabisa, presha ikipanda wodini ndo damu inaanza. Sasa anayewahi kufunga ili akimbizane na foleni ya kambi mi simwelewi kabisa.

Dreni yenyewe mara nyingi sio kitu cha ajabu, ni kipande cha glovu safi ya upasuaji kinapitishwa kwenye tundu dogo chini, kinashonwa uzi mmoja au kinapigwa pini kisizame ndani, juu gozi. Kinakaa saa 24 hadi 48 hivi. Faida yake majimaji na damu kidogo vinapata njia, na nesi akiona gozi zinalowa haraka haraka anajua kuna kitu hakiko sawa. Ila haizuii damu hata kidogo. Damu ikishaganda bonge halipiti kwenye kile kimpira, na tundu linalotoa uchafu ndo hilohilo linaingiza vijidudu.

Kwa upasuaji wa goita na wa kujifungua tafiti zilishalinganisha, kumwekea kila mtu dreni haikuonekana kuleta faida. Wasiotaka dreni wanaishika sana hiyo, lakini busha kubwa lililotolewa ganda lote linaacha eneo pana bichi ndani ya ngozi iliyolegea, huwezi kuhamisha jibu la shingo ukaliweka huku moja kwa moja.

Kwangu mimi swali ni mgonjwa analala wapi. Aliyelazwa hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) siku mbili, busha lake kubwa, mwekee, kuna mtu wa kuangalia na kutoa. Busha dogo, damu imekauka kweli, ya nini? Ila kumwekea mtu dreni halafu jioni hiyohiyo apande bodaboda au boti ya Songosongo, hapo sikubaliani. Wanaoandaa kambi wakipanga dreni wapange na vitanda na chakula cha siku mbili, vikikosekana basi zahanati ya kwake ipigiwe simu kabla hajaondoka, waambiwe anakuja na kimpira na kitolewe kesho kutwa.