Kambale wa Msimbazi hana bima

Wiki iliyopita mtu alirusha kwenye grupu letu la mtaa picha ya kasa kutoka Watamu, Kenya. Macho hayaonekani. Pale yalipotakiwa kuwa macho pameota vinundu vya rangi ya nyama mbichi, vimebebana kama koliflawa, vingine vimeshuka mpaka shingoni na kwenye mapezi. Maneno yakaanza. Mmoja kasema karogwa. Mwingine kaweka vicheko vitatu. Halafu Baba Nasra, jirani yangu ambaye jioni tunakaa benchi moja la kahawa, akafunga mjadala: “Ocean Road watu wanapanga foleni toka alfajiri, nyie mnamlilia kasa. Mpelekeni India basi.”

Vidole gumba kumi na saba. Nilihesabu.

Foleni hiyo ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, naijua vizuri kuliko Baba Nasra. Mwaka juzi nilikuwa nampeleka mama mdogo kupigwa mionzi, na siku nyingi nilisubiri nje. Pale barabara moja tu ndiyo inayoitenga hospitali ya saratani na bahari. Upepo unakupiga usoni, unasema ahsante Mungu kwa upepo, kisha maji yakitoka unaletewa na harufu yake. Bahari hiyohiyo ndiyo inayopokea maji taka ya katikati ya jiji kupitia bomba, na hatua chache kaskazini, Salenda, ndiyo inayopokea mto Msimbazi na kila ulichobeba tangu vilima vya Pugu. Mama mdogo alikuwa akijifunika pua kwa ncha ya kanga na kusema, “Mwanangu, hata bahari inaumwa.” Nilidhani ni maneno ya mgonjwa aliyechoka.

Sasa, kuhusu kasa nimpe jirani yangu haki yake, ingawa roho inaniuma. Ugonjwa ule unaitwa fibropapiloma, uliandikwa kitaalamu mwaka 1938 kwa kasa aliyekuwa akifugwa New York, na unahusishwa na kirusi cha jamii ya hepesi. Vinundu vyenyewe mara nyingi si saratani ile ya kusambaa. Vinamuua kasa kwa kumziba macho na mdomo mpaka anashindwa kula. Kwa hiyo ndiyo, kirusi kipo. Lakini kasa wengi wanacho na hawana hata kipele. Huko Florida na Hawaii ugonjwa umeonekana sana kwenye ghuba za maji mafupi yanayopokea uchafu wa mashamba na miji, na wataalamu bado wanavutana kuhusu namna hasa uchafu huo unavyomwamsha kirusi. Wavutane. Mimi leo nataka kuzungumza habari za kambale.

Mvua za mwisho nilisimama pembeni ya Msimbazi, karibu na daraja la Kigogo. Vijana watatu walikuwa na ndoano, maji ya rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Wakavuta kambale wa urefu wa mkono wangu. Samaki wengine wenye adabu zao mto ule umeshawashinda. Kambale anabaki kwa sababu anaweza kupanda juu akavuta hewa kama mimi na wewe. Huyu alikuwa na kinundu chekundu kwenye mdomo, saizi ya punje ya karanga, na upande mmoja sharubu zimekatika kama kiberiti kilichoungua. Kijana akachomoa kisu, akakata kile kinundu, akatupa. Kunguru akadaka kabla hakijagusa tope. Nikauliza samaki anakwenda wapi. “Sokoni, bro. Kambale wa Rufiji huyu.”

Wote tukacheka. Mimi pia nilicheka, nakiri.

Inawezekana kilikuwa kidonda cha ndoano tu. Ila nilipofika nyumbani nilianza kusoma, na nikakutana na mto unaoitwa Black, Ohio, Marekani. Kwenye mto huo kulikuwa na kiwanda cha kuoka makaa ya mawe kwa ajili ya kuyeyushia chuma. Masizi na lami yake ziliingia majini, zikatulia kwenye tope. Na nani analala kwenye tope? Kambale. Jamaa zake wa kule, wadogo na wa kahawia, walikutwa na uvimbe wa ini, tena saratani kabisa, pamoja na vinundu vya mdomo na sharubu zilizoharibika. Mwaka 1983 kiwanda kikafungwa. Sumu kwenye tope ikaanza kupungua, na uvimbe wa maini ukapungua nayo ndani ya miaka michache. Hakuna aliyewapa samaki dawa. Hakuna aliyewaombea.

Mwaka 1990 wakaamua kulichimba tope lenyewe walitoe. Wazo zuri. Lakini ukikoroga chungu, kilichokuwa chini kinapanda juu: miaka iliyofuata saratani ikarudi kwa nguvu kwa samaki waliokuwemo humo wakati wa kuchimba, ndipo ikaporomoka kwa wale waliozaliwa baadaye.

Soma tena hapo, halafu tazama Jangwani, pale Msimbazi unapopita.

Sisi tuna mradi wa bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia, daraja jipya, mto unachimbwa na kupanuliwa. Siupingi. Aliyebeba godoro kichwani saa nane za usiku mafuriko yakiwa kiunoni hawezi kuupinga, na mimi nimelibeba. Lakini mjini mjadala wote ni fidia na daraja, fidia na daraja. Tope hakuna anayeliuliza. Tope lile ni miongo ya oili chafu iliyomwagwa mitaroni na gereji zetu, maji ya rangi ya viwanda vya nguo, uchafu wa machinjio na ngozi kule Vingunguti, betri, majivu ya nyaya tunazochoma ili tupate shaba ya kuuza skrepa. Moshi wa nyaya na wa matairi una sumu za ukoo mmoja na zile za Ohio. Likichimbuliwa linamwagwa wapi? Nani anampima kambale kabla na baada? Najua miradi hii haipiti bila tathmini ya mazingira, kurasa mia kadhaa za Kiingereza. Naomba ukurasa mmoja wa Kiswahili, ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, unaosema tope linakwenda wapi. Mmoja tu.

Kuna watakaosema wanyama waliugua saratani kabla ya viwanda. Kweli. Tembo ana nakala 20 za jeni inayozuia saratani, mwanadamu anayo moja, kwa hiyo hiyo vita ni ya zamani. Wengine wataniletea kunguru, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka na leo ananawiri kuliko sisi. Haya, kunguru kashinda. Mnataka tuishi kama kunguru?

Turudi kwenye foleni ya Baba Nasra. Mto Saint Lawrence, Kanada, una nyangumi weupe wanaoitwa beluga. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1999 watafiti walipasua mizoga yao, na kati ya wakubwa, 27% walikuwa na saratani. Jirani ya mto kulikuwa na viwanda vya aluminiamu vikitema masizi ya aina ileile. Na wafanyakazi wa viwanda hivyo nao? Saratani ya kibofu. Foleni ilikuwa moja, Baba Nasra! Nyangumi alikuwa amesimama nyuma ya mfanyakazi, wote wawili hawajui. Masizi yalipodhibitiwa, wale waliozaliwa baada ya 1971 hawakukutwa na saratani. Huwezi kumpasua mtu ukamuuliza ini lake maji ya mtaani yakoje. Samaki unaweza. Mara nyingi anakaa palepale, havuti sigara, hana mambo ya urithi wa bibi ya kukuchanganya, na mchicha unaomwagiliwa maji anayoogelea ndiyo huo tunaoula kwa ugali.

Niliyaandika haya kwenye grupu, kwa kifupi. Baba Nasra akajibu, “Sawa mwalimu,” na kidole gumba. Mimi si mwalimu. Baadaye kwenye kahawa hakuligusa kabisa, akauliza tu kama mama mdogo anaendeleaje. Nikamwambia anaendelea vizuri, amenenepa kidogo.

Nikarudi nyumbani. Mama watoto alikuwa amenunua kambale sokoni, vipande viwili na kichwa, wa Rufiji. Kabla sijanawa mikono niliinua kichwa kwenye sinia, nikakisogeza kwenye taa, nikaanza kuhesabu sharubu.