Kwani lazima nipige simu ndio nije kwa shangazi?

Ubishi wa siku hizi hapa Kisumu ni huu, kuna wanaosema mgeni apige simu kabla ya kuja na kuna sisi tulioanza tena kubisha hodi tu tukipita. Wa kwanza wanasema kuibukia mtu ni kukosa heshima.

Na hawana uchoyo, nawaelewa. 2022 unga wa kilo 2 ulipita shilingi 200, sasa mgeni akiingia saa moja jioni na omena ni ya watu watatu, mama wa nyumba ndiye anaenda kukopa dukani. Tena kuna mtu ametoka kazi ya usiku anataka kulala tu.

Lakini mnasahau miadi ilizoeleka lini. Simu tulikuwa nazo kitambo na bado tulikuwa tunaibukiana. Kafyu ya korona ilianza Machi 27, 2020 ikaondolewa Oktoba 20, 2021, na sisi wa Nyanza na Magharibi tulikazwa zaidi, Juni 2021 kaunti 13 zikawekewa saa moja jioni na kwingine watu wako nje mpaka saa nne. Sasa mtu anatoka kazi mjini saa kumi na moja, shangazi yuko Ahero, aende asalimie arudi saa ngapi? Basi tukapiga simu, simu ikatosha, na kafyu ilipoisha wengi hawakurudi kwa shangazi. Hiyo mnaita heshima mimi naona ni kafyu imebaki kwa vichwa vyetu.

Na wazee wetu kwa simu wako sawa siku zote, hilo ndilo linaniuma. Kuna mzee mtaani kwetu watoto wako Nairobi, wanapiga kila wikendi, anawajibu yuko salama. Mpwa wake akapita tu akitoka soko la Kibuye, akakuta mguu umevimba mpaka sapatu haiingii, dawa za presha ziliisha kitambo, na kwa sufuria kuna uji wa jana. Angepiga simu kwanza huyo mzee angevaa suruali ndefu, angefagia, angeazima sukari kwa jirani na mpwa angekunywa chai aende zake akisema mzee ako poa kabisa.

Hata hiyo hoja ya gharama, mgeni wa miadi ndiye ghali jameni. Ukiniambia unakuja Jumapili nitatafuta kuku hata kama ni kwa deni, ukiibuka tunakula sukuma iliyoko na hakuna wa kuona aibu.

Wenye mtoto mchanga wapigieni, hao usingizi wao ni haki yao. Ila kwa mzazi anayeishi peke yake mimi nasema usipige, beba mkate na sukari uende, na ukikuta amelala kaa na majirani hapo nje mpaka aamke, hao pia watakuambia mengi kuhusu vile anaishi.