Kutoamini Si Lazima Kuwe Hasira

Dar es Salaam, mtu akitamka kwamba haamini kuna Mungu, haulizwi "kwa sababu gani?" Anaulizwa "umepatwa na nini?" Wengi wanaouliza hivyo hawana ubaya. Wanahisi nyuma ya kauli ile lazima kuwe na msiba ambao haujapoa, mchungaji aliyekula michango, ustadhi aliyezidisha bakora, au ndoa iliyovunjika. Watu wa namna hiyo wapo. Tatizo linaanza dhana inapogeuka kanuni, maana hapo anayeamini anahesabiwa kuwa na ushahidi, na asiyeamini anahesabiwa kuwa na kidonda tu.

Basi tuutazame huo ushahidi. Unaosikika zaidi mjini ni ushuhuda: niliomba kazi nikapata, niliombewa uvimbe ukayeyuka, nilisomewa dua mtoto akaanza kulala usiku. Kwa aliyetokewa, hizo si porojo, na wengi wanaeleza kwa uaminifu. Asiyeamini mwenye hoja (wapo pia wasio na hoja, wanaobisha kwa kupenda kubisha) hasemi mashahidi ni waongo. Anachotaka ni hesabu.

Tuseme vijana 1,000 wamefunga na kuomba kazi mwezi huu, na kila mmoja, kwa hali ya ajira ilivyo, alikuwa na nafasi moja katika ishirini ya kupata kwa njia ya kawaida. Mwezi ukiisha, 50 watakuwa kazini hata kama maombi hayakusogeza kitu. Wakisimama 10 tu kushuhudia, kila mmoja dakika tano, ibada imejaa vigelegele na hakuna aliyedanganya. Wale 950 hawapewi kipaza sauti. Baadhi yao wameketi humohumo, wakijiuliza imani yao imepungukia wapi.

Kupima kitu kama hiki kunahitaji makundi manne: walioomba wakapata, walioomba wakakosa, wasioomba wakapata, wasioomba wakakosa. Ushuhuda unatupa kundi la kwanza peke yake. Anayetaka kujipima nyumbani anaweza kuandika ombi lake kabla, akaweka tarehe, akaandika ni kitu gani kitahesabika kuwa jibu na mwisho wake lini, kisha asiyaguse tena maandishi hayo. Zoezi huharibikia kwenye kufafanua jibu. Mtu aliomba kazi ya benki, akapata mtaji wa genge kutoka kwa shemeji, akasema Mungu ana njia zake. Huenda anazo. Lakini jibu likiruhusiwa kuwa lolote litakalotokea, huwezi tena kulitofautisha na kukosa jibu.

Marekani jambo hili limepimwa hospitalini. Utafiti unaotajwa kuliko mingine ulichapishwa 2006, ukiongozwa na daktari Herbert Benson, kwa wagonjwa 1,802 wa hospitali sita waliokuwa wanafanyiwa upasuaji wa kuunganishiwa njia mpya za damu kwenye moyo. Waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu. Makundi mawili ya kwanza yaliambiwa huenda yataombewa, huenda hayataombewa: kundi moja liliombewa, la pili halikuombewa. Kundi la tatu liliambiwa waziwazi kwamba litaombewa, na likaombewa. Waombaji walikuwa Wakristo wa vikundi vitatu, walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya jina la ukoo, wakaomba siku 14 kuanzia mkesha wa upasuaji. Ndani ya siku 30, waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 ya walioombewa bila kujua, asilimia 51 ya wasioombewa, na asilimia 59 ya walioombewa huku wakijua.

Hiyo 59 imetumiwa vibaya mno. Kuna wabishi wanaoirusha kama fimbo: maombi yanaua! Haisemi hivyo. Watafiti wenyewe walikubali kwamba tofauti ile huenda ni ya bahati tu, na walioitafutia maelezo walitaja hofu: mgonjwa anapoambiwa wageni wa mbali wanakesha kwa ajili yake, anaweza kujiuliza hali yake ni mbaya kiasi gani. Tarakimu zenye uzito ni 52 na 51, na hapo muumini ana pingamizi la haki kabisa. Hakuna aliyewakataza mama, mke na wanajumuiya kuwaombea wagonjwa wa kundi la pili. "Wasioombewa" waliombewa, ila na watu wao. Kilichopimwa ni nyongeza ya maombi ya wageni juu ya maombi ya nyumbani, na nyongeza hiyo haikuonekana. Asiyeamini atauliza, kama nyongeza haibadilishi kitu, maombi ya mnyororo yenye watu mia mbili yanazidi vipi maombi ya mama mmoja? Sijasikia jibu zuri la swali hilo kutoka kwa wanaotangaza idadi ya waombaji.

Jibu zuri linatoka kwa waumini wa aina nyingine, na wanasikika kidogo kwa sababu hawana cha kutangaza. Hao wanasema Mungu si wa kupimwa. "Usimjaribu Bwana Mungu wako" imo katika Kumbukumbu la Torati 6:16, na Yesu aliirudia jangwani. Upande wa Uislamu kuna hadithi inayofahamika sana: dua ya Muislamu isiyo ya dhambi wala ya kukata undugu hupata moja ya matatu, kupewa alichoomba, kuwekewa Akhera, au kuepushiwa shari ya kadiri hiyo. Hapa hakuna matokeo yanayoweza kuikanusha dua. Mwenye shaka huona huo ndio udhaifu wake. Muumini wa aina hii husema hiyo ndiyo maana yake: anasali kwa sababu Mungu ni Mungu, na mshahara wa mwezi ujao si sehemu ya mkataba. Ni msimamo mgumu kuubomoa, na anayeamini hivyo hadai mtu mwingine ashawishike kwa kuusikia. Ila asiyeamini anaruhusiwa kukumbusha kwamba Eliya, katika 1 Wafalme 18, aliweka jaribio la wazi mlimani Karmeli, madhabahu mbili na moto mmoja, na hakuna aliyemkemea.

Kwa kadiri nionavyo, mwenye shaka ameshinda kwenye ushuhuda na hajashinda kwenye sala. Anayeacha kuamini kwa sababu aliomba mgonjwa wake apone na mgonjwa akafa, ametumia hesabu ileile ya kipaza sauti, kinyume chake. Kukosa mara moja hakuthibitishi zaidi ya kupata mara moja. Wasioamini walio makini wanalijua hilo, ndiyo maana ukiwabana hawataji msiba wao. Wanataja wale 950 waliokosa.

Kuna hoja moja ya kupita nayo haraka kwa sababu mjini inapendwa sana: heri uamini ukakuta hayupo, kuliko usiamini ukamkuta yupo. Hiyo ni dau la Mfaransa Blaise Pascal, lililochapishwa 1670 baada ya kifo chake. Linafanya kazi pale tu ambapo chaguo ni mawili. Mtu anayetoka kazini Kariakoo, akiamua kucheza dau hilo, halimwambii aingie msikiti wa Mtoro au ateremke kanisa la Azania Front, na kila upande una onyo lake kwa aliyechagua kwingine.

Kinachonifanya nisikubali kwamba kutoamini ni hasira tu ni gharama. Hasira hupoa, lakini kuna watu wanaolipia kutoamini kwao miaka na miaka. Katiba, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mawazo na imani, pamoja na kubadilisha imani. Mahakamani shahidi huulizwa dini yake, na Sheria ya Viapo inamruhusu anayesema hana imani ya dini kutoa uthibitisho badala ya kiapo. Ndoa ya kiserikali ipo chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971: unatoa taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla, na mambo yanaisha. Kinachogoma hapo ni kamati ya harusi, wala si sheria. Wasioamini ni wangapi? Haijulikani. Sensa haijauliza dini tangu 1967, na malalamiko ya 2012 kuhusu kutokuwepo kwa swali hilo yalihusu idadi ya Waislamu na Wakristo. (Gharama haithibitishi ukweli, bila shaka. Aliyesilimu au aliyeokoka naye hutengwa na ndugu, na wote hawawezi kuwa sahihi. Inathibitisha tu kwamba mtu hatanii.)

Gharama kubwa huja kwenye mirathi. Tanzania Bara ina mifumo mitatu: sheria ya mila, ya Kiislamu, na sheria ya urithi ya India ya 1865 tuliyoirithi kwa Waingereza. Mahakama inapochagua ipi itumike, huangalia kauli za marehemu, matendo yake na namna alivyoishi. Chukua mtu aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu ya Temeke, aliyeacha kuamini kimya kimya. Mali yake ikigawanywa Kiislamu na ameacha watoto, mke anapata moja ya nane, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike, na wosia hauvuki theluthi wala haumwongezei mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake. Kwa sheria ya 1865, asipoacha wosia, mjane anapata theluthi moja na watoto wanagawana theluthi mbili sawasawa.

Hapo ndipo ukimya unapomgeuka. Picha za Idi, jina lake, ada ya madrasa aliyowalipia wanawe ili bibi yao asiumie, khitma alizohudhuria: vyote vitaletwa mahakamani kuonyesha aliishi Kiislamu. Anayetaka iwe vinginevyo inabidi aandike wosia akiwa hai, ataje waziwazi sheria anayotaka itumike, asaini mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote ndani yake, na aueleze mwenendo wake kwa maneno yasiyo na utata. Wengi hawaandiki, kwa kuwa nakala ya wosia huo ikionekana nyumbani, swali litakuwa lilelile: umepatwa na nini?