Shemeji alivyoziivisha patasi zangu

Shemeji yangu ana ugonjwa mmoja, akikuona unafanya kazi yoyote ya mikono basi yeye ameshaifanya zamani na aliifanya vizuri kuliko wewe. Sasa siku nimepata seti ya patasi za kukerezea mbao, nani kafika kabla hata sijamaliza kufungua boksi? Yeye. Seti yenyewe mipini inang'aa kweli kweli lakini kwenye chuma hakuna maandishi ya HSS, yaani haispidi, kile chuma kinachovumilia joto kali, wala nini, nikajua hii ni chuma cha kaboni cha kawaida. Makali ya kiwandani nayo hata kucha hayakati, lazima zinolewe upya zote.

Nikamwelekeza kwa heshima zote, shem, hii ya mfereji ya kuanzia kazi tunainoa digrii 45, hii bapa yenye mdomo wa mshazari pande zote mbili kwa jumla digrii 30 hivi, usikandamize, na kila mara uchovye kwenye maji. Akaniangalia. "Mimi ndo wa kufundishwa kunoa?" Akawasha grainda.

Aisee zile cheche! Nyeupe, nyingi, zinapasukapasuka hewani, dalili za kaboni hizo, haispidi ingetoa chache tena nyekundu zilizofifia. Jiwe lenyewe ni lile la kijivu linalokuja na mashine, gumu, linachemsha chuma balaa, na ndoo ya maji iko pale miguuni kwake haijaguswa. Mara ncha ya ile bapa ikawa njano, ikaenda kahawia, ikaenda zambarau, pah, bluu.

"Umeona hiyo rangi? Hapo chuma kimeiva!"

Nikamwambia hicho hakijaiva kimeungua, kaboni ikishafika bluu imepita kama nyuzi joto 300, ugumu wote umekwenda, inabidi kusaga mpaka bluu yote iishe. Akasema mafundi kibao wana patasi za bluu na zinakata. Ndiyo bana, hao wana haispidi, ile hata ukiifikisha karibu nyuzi 600 haishtuki! Hakusikia, ameshaifuata mashine ya kukereza, ambako kulikuwa na mguu wa meza, wa nne na wa mwisho, umebaki kulainishwa tu.

Mwanzo maranda yalitoka marefu mazuri akanigeukia na kile kicheko chake. Haikuchukua muda, makali yakafa, badala ya maranda ikawa vumbi tupu. Mtu mwenye akili hapo anasimama. Yeye akaongeza nguvu, akanyanyua mpini, mgongo wa makali ukaachana na mbao, ile ncha ndefu ikauma. KRRRRRAAA! Patasi ikamvuta mbio kwenye mguu mzima toka huku mpaka kule, halafu ikamponyoka ikaenda kutumbukia kwenye ndoo ya maji. Kwa hiyo maji yalitumika, tusimsingizie.

Nikazima mashine. Mguu una mfereji umezunguka juu mpaka chini kama skrubu, na una kina, siyo wa kupiga msasa huo. Shemeji akavua miwani, akaufuta vumbi, akauzungusha taratibu kwa kidole, kimya. Nikajua anatafuta namna ya kuomba radhi. Akaigeukia ile mitatu niliyokwisha kuimaliza imeegemea ukutani.

"Sasa shem, ili ifanane, hebu nipe mmoja pale."

Nikachomoa plagi nikaikalia.